Mizani Saba za Ziada

Jumanne tarehe nane Machi 1977, saa nne na dakika kumi asubuhi, mpiga piano Doreen Ackroyd alifungua kabati la chumba cha mazoezi katika jumba la maonyesho la Prospect, mjini Ashenroyd, akakuta rafu ya juu tupu. Kitabu cha Bi Haigh hakikuwepo. Saa tano kamili mlinzi wa mlango wa nyuma, Herbert Ormondroyd, aliyekaa pale miaka ishirini na sita bila kupoteza hata mwavuli wa mtu, aliambiwa arudishe funguo zote aende nyumbani. Nyumbani kwake ni hatua kumi na mbili kutoka mlangoni, na nyumba yenyewe ni mali ya jumba. Mkewe Edna hakungoja kuambiwa. Mchana ule ule alianza kuzungushia sahani magazeti.

Kitabu kilikuwa kinene kama tofali. Ndani yake mlikuwa na opera ya Mcheki mmoja, *Malkia wa Chumvi*, isiyowahi kuimbwa Uingereza. Bi Winifred Haigh alikaa nayo miaka kumi na mmoja akiitafutia Kiingereza kinachoimbika. Kila mstari aliouridhia aliuchapa kwenye kipande chembamba cha karatasi, akakibandika chini ya nota, juu ya Kicheki. Tendo la kwanza na la pili lilikuwa limekwisha kudurufiwa, waimbaji wanalo. La tatu lilikuwa lidurufiwe Jumanne hiyo. Nakala nyingine haikuwepo, na onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi ya tarehe kumi na tisa.

Funguo za kabati ni mbili. Mmoja alikuwa nao Ormondroyd, wa pili mkurugenzi, Bwana Crispin Fairlough. Wakubwa walipiga hesabu yao upesi: mbili, toa wa bosi, unabaki mmoja.

Kisha Jumatano mkurugenzi akatangaza kwamba ameiokoa kazi. Amelifasiri tendo la tatu upya, mwenyewe, kwa siku moja na nusu. Kamati ya jumba ikampigia makofi. Aliyekaa miaka kumi na mmoja hakupigiwa hata kofi moja. Aliambiwa asije mazoezini, kwa ajili ya afya yake.

Alhamisi asubuhi Mrakibu wa Polisi alimwita Sajenti Wilf Barraclough ofisini.

"Wilf, lifunge hili. Kamati inakaa kesho saa tatu. Inataka jina."

"Jina inalo, bwana mkubwa. Inachotaka ni sahihi yangu chini yake."

"Mzee ana ufunguo. Ameonekana Jumatatu jioni akitoka na kifurushi chini ya koti. Ameulizwa, amekataa kujibu. Unataka nini zaidi, picha?"

"Nataka leo yote."

Mrakibu aliitazama saa ya ukutani namna daktari mkuu anavyoitazama, huku akimwambia mtu kwamba kila linalowezekana linafanyika. "Mpaka saa kumi na moja jioni," alisema.

Barraclough alichukua kofia yake. Alikuwa na saa nane, na kesi ya kitabu haimshindi mtu kwa saa nane.

*

Jikoni kwa Ormondroyd nusu ya vyombo ilikuwa imekwisha kuingia sandukuni. Edna alikaa kwenye kiti, miguu yake iliyovimba imewekwa juu ya stuli, akifunga vikombe. Mzee alisimama dirishani akiutazama mlango wake, ambao sasa ulikuwa na kijana mwenye suti.

"Bert," Barraclough alisema, "kifurushi."

"Nimekwisha sema. Ni mambo yangu."

"Kesho saa tatu hayatakuwa yako tena. Yatakuwa ya kamati, pamoja na hii nyumba."

Edna hakuinua macho kutoka kwenye kikombe.

"Utumbo," alisema.

"Shemeji?"

"Utumbo, Sajenti. Wa ng'ombe. Niliutamani toka Jumapili. Tuliula na vitunguu na siki. Yeye hasemi kwa sababu aliuacha mlango kwenda kuununua sokoni, na kuacha mlango ni kufukuzwa."

"Edna."

"Edna nini? Ufukuzwe kwa wizi ndiyo afadhali? Ishirini na sita ya kuwafungulia watu mlango, leo unaona haya ya utumbo."

"Dakika ngapi?" Barraclough aliuliza.

"Kumi," mzee alisema. "Kumi na mbili. Kulikuwa na foleni."

Muuza utumbo sokoni alimkumbuka bila kusukumwa: ratili moja na nusu, karatasi ya kaki, na malalamiko kwamba mara ya mwisho ulikuwa mgumu. Barraclough alikichora kile kifurushi mstari mmoja kwenye daftari, kikafutika. Ila zile dakika kumi na mbili aliziacha. Zilimtoa mzee kwenye kifurushi, hazikumtoa kwenye ufunguo.

*

Bi Haigh alikaa juu kilimani, nyumba ya mwisho kwenye safu. Kwa miaka thelathini alikuwa karani wa kiwanda cha sufu, akiandikiana barua na wanunuzi wa Brno, na Kicheki alikipata huko, barua kwa barua. Alikuwa na miaka sabini na mmoja na mgongo wa mtu wa hamsini. Alimwekea Barraclough chai nyeusi ti na kipande cha keki ya tangawizi.

"Umekuja kuniuliza kama nimekichoma mwenyewe," alisema.

"Nani kasema hivyo?"

"Mwenyekiti wa kamati. Anasema wasanii tuna hasira. Nilimwambia mimi si msanii, mimi ni karani."

Barraclough alikuwa na ule ufasiri wa mkurugenzi mfukoni, karatasi zilizodurufiwa kwa waimbaji jana, tendo la tatu lote isipokuwa wimbo wa mwisho, aliosema utafuata. Mkono wake ulizigusa, ukaziacha pale pale.

"Umeona alichoandika Fairlough?"

"Wamekataa kunipa."

"Vizuri. Hata mimi sikupi. Nikikuonyesha, kesho watasema nimekufundisha. Niambie kwanza. Watu wawili wakifasiri wimbo mmoja, watafanana?"

"Sana. Nisikudanganye, mwanangu. Nota zinakubana, vina vinakubana, na kule juu mwimbaji anataka mdomo uwe wazi, huwezi kumpa neno la kubana meno. Ukishabanwa hivyo, maneno yanayobaki ni yale yale. Yeye akifanana na mimi nusu nzima, hujamkamata kwa lolote."

Hilo lingemvunja moyo mtu mwingine. Barraclough alikata keki.

"Sasa niambie mahali ambapo hambanwi. Mahali mtu anafanya alivyotaka mwenyewe."

Bi Haigh alifikiri. Alinyanyuka, akaketi mbele ya piano yake ya ukutani, akagonga nota moja, akaishikilia.

"Mtunzi haguswi. Hiyo ndiyo sheria. Nota zake nane, mizani zako nane. Lakini kuna ruhusa moja ndogo. Nota ndefu kama hii unaweza kuipasua iwe mbili fupi, ukamwomba kiongozi wa muziki akakubali. Hapa binti anaimba theluji. Kwao ni neno la mizani moja, nota moja. Mimi sikutaka theluji, nilitaka majira yote ya baridi, na hilo kwa Kiingereza lina mizani mbili. Nikaipasua."

"Ulipasua ngapi tendo la tatu?"

"Saba. Kiongozi alinipigia kelele kwa kila moja."

"Unazikumbuka?"

"Wewe unayasahau makovu yako?"

Barraclough alimpa daftari. Aliziandika zote saba, ukurasa na mstari, nani anaimba na nota ipi, bila kutazama kitu chochote. Akatia sahihi, tarehe, na saa: tano na dakika hamsini.

"Hizo saba ziliandikwa wapi?"

"Kwenye kitabu changu, kwa wino mwekundu. Kwingine hakuna. Kitabu kilichopigwa chapa bado kina nota zake ndefu kama Mcheki alivyoziacha."

*

Doreen Ackroyd alikuwa peke yake chumba cha mazoezi, anakula sandwichi juu ya piano. Alimwona Sajenti akaifunika nota kwa mkono, si kwa kuficha bali kuikinga na makombo.

"Kaka, kama ni kuhusu ufunguo, mimi niliuchukua kwa Bert asubuhi ile, nikafungua, basi. Nimesema mara nne."

"Leo sitaki ufunguo. Unacho kitabu kilichopigwa chapa, kisichoandikwa kitu?"

"Cha maktaba. Mkurugenzi alinipa jana nipigie hicho."

"Na maneno yake mapya mmeyaimba?"

"Jana na leo."

"Yanakaa?"

Doreen alitafuna kabla ya kujibu. "Hapo ndipo nimeshangaa. Yanakaa kama glovu. Ya siku moja na nusu. Mimi nimepigia ufasiri wa watu wenye shahada wakatufanya tuonekane tuna kigugumizi."

Barraclough alivuta kiti. Aliimba besi katika kwaya ya kanisa la Wamethodisti tangu akiwa na miaka kumi na saba, na ingawa shule iliachana naye mapema, kuhesabu mizani kwa vidole alijua. Alimwomba Doreen apige mstari wa waimbaji peke yake, kama ulivyopigwa chapa, polepole, bila kuongeza kitu. Yeye alishika karatasi ya Fairlough na kufuata maneno kwa kalamu.

Walipofika kwenye baridi, kalamu ilikuwa imebakiwa na mizani moja mkononi na nota zimekwisha.

"Rudia."

Alirudia. Mizani moja, haina pa kukaa.

"Ngoja," Doreen alisema. Aliinama kwenye kitabu. "Hapa pana nota moja. Mimi jana nilipiga mbili."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndivyo..." Aliviangalia vidole vyake kama ni vya mtu mwingine. "Jumatatu nilipigia kitabu cha Bi Haigh. Kina wino mwekundu. Vidole vilishazoea. Jana viliipasua vyenyewe, na waimbaji walishaisikia hivyo, wakaimba hivyo. Hakuna aliyesimama."

"Basi twende zote. Ila vidole vikae sawa na kitabu."

Waliziendea moja moja. Ya pili, mizani ikabaki. Ya tatu ikabaki. Walipomaliza tendo, walikuwa na mizani saba zilizokosa kiti, na zote saba zilikuwa pale pale Bi Haigh alipoandika saa tano na dakika hamsini. Kwingine kote maneno yalienea sawasawa.

"Mtu anayefasiri kutoka kitabu hiki," Barraclough alisema, "angeweza kuongeza mizani mahali ambapo nota hakuna?"

"Mara moja, akiwa amelewa. Saba, na hizo hizo?" Doreen alichukua sandwichi yake. "Huyu hajafasiri. Huyu amenakili maneno bila kuona muziki. Angeona wino mwekundu angejua."

Sentensi hiyo ya mwisho Barraclough aliiandika, akaipigia mstari.

*

Ofisi ya mkurugenzi ilikuwa na zulia. Bwana Crispin Fairlough alimkaribisha kwa mikono miwili.

"Sajenti mpendwa. Mmempata mzee wetu? Inasikitisha, ila ndiyo hivyo."

"Nimekuja kujifunza, bwana. Mimi ni mtu wa kwaya tu. Ulifasiri kutoka kitabu gani?"

"Kilichopigwa chapa. Kutoka maktaba, London. Hakina hata alama ya penseli."

"Cha Bi Haigh hukukitazama?"

"Tendo la tatu? Sikulifungua kamwe. Isingekuwa haki."

"Na nota? Wanasema kuna ruhusa ya kuzipasua."

"Wanaohitaji ruhusa waombe. Mimi sikugusa nota hata moja ya mtunzi. Ni jambo la heshima."

"Sema tena polepole, naandika."

Fairlough alisema tena, polepole, kwa uso wa mtu anayependa kuandikwa. Barraclough alifunika kalamu. Aliweka kitabu cha maktaba mezani, na pembeni yake karatasi iliyodurufiwa, akaviegemeza vyote kwenye buli.

"Sasa niimbie hapa. Sauti si kitu, gonga meza tu."

Mkurugenzi aligonga. Alifika kwenye baridi, kidole kikabaki hewani.

"Nimekosea kuhesabu."

"Anza tena."

Alianza tena. Mara ya tatu aligonga haraka zaidi, kama mtu anayetaka kuruka shimo, akaanguka mle mle.

"Zipo saba," Barraclough alisema. "Na hizi hapa zimeandikwa na mwenyewe kabla hajaona karatasi yako. Sasa kuna mawili. Ufunguo wa pili ni wako, maneno ni yake, kwa hiyo kitabu umekiiba wewe, na mzee wa watu umemfukuza ili ukae vizuri. Hilo la kwanza."

"Sikuiba kitabu."

"La pili basi. Nipe."

Fairlough alifungua mtoto wa meza. Alitoa bahasha kubwa ya kahawia isiyo na jina, na ndani yake karatasi kumi na nne zilizopigwa chapa kwa mashine. Maneno tu. Hakuna nota hata moja.

"Niliikuta mezani Jumanne. Sijui nani. Tendo zima la tatu. Nilijua ni la Winifred, mjinga ndiye asingejua. Lakini kitabu kimepotea, onyesho li karibu, na kamati..." Alinyoosha tai yake. "Kamati iliniuliza nimefanya nini. Watu wa kamati hawaulizi nani, wanauliza nini."

"Saa ngapi uliikuta?"

"Saa sita na robo."

"Kabla ya hapo meza ilikuwa tupu?"

"Saa tano na nusu niliandika barua hapa hapa. Ilikuwa tupu."

"Ormondroyd ulimtoa saa tano, na funguo zote ukachukua."

"Ndiyo."

"Na mlangoni ukaweka mtu wako mwenye suti, ambaye hakumruhusu hata kurudi kuchukua kofia yake. Aliniambia mwenyewe, kwa kujisifu." Barraclough alimsogezea karatasi tupu. "Basi mwenye kitabu alikuwa ndani ya jumba hili kati ya saa tano na nusu na saa sita na robo, na mtu pekee tunayejua kwa hakika kwamba hakuwemo ni yule uliyemfukuza. Andika hivyo. Kisha andika maneno ni ya nani."

"Onyesho litakufa, Sajenti."

"Onyesho litaimbwa. Litabadilika jina moja kwenye tangazo."

Mkurugenzi aliandika. Kalamu ya mkubwa ikiandika kosa lake huenda kama kobe, ila Barraclough alikuwa amekaa kwenye zulia zuri na hakuwa na haraka. Ilikuwa saa tisa.

*

Kilichobaki kilikuwa sahihi. Kamati isingekubali vidole vya polisi wala ungamo la mtu ambaye kesho angesema alibanwa. Ilihitaji mwenye mali aseme, kwa mkono wake, kwamba karatasi kumi na nne za kwenye bahasha ni zake. Basi Barraclough alipanda tena kilima.

Bi Haigh alivaa miwani, akakaa penye dirisha. Alisoma ukurasa wa kwanza akitingisha kichwa kwa mwendo wa muziki, akatia sahihi pembeni. Wa pili. Wa tatu. Kwenye wa sita alisita.

"Hapa nilikuwa mvivu," alisema, akatia sahihi.

Barraclough alikuwa anaona tayari jikoni kwa Edna, vikombe vikitolewa kwenye magazeti. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu.

Kwenye wa kumi na nne kalamu haikushuka.

"Bi Haigh?"

Alisoma mpaka chini, akarudi juu, akasoma tena. Kisha alinyanyuka, ukurasa mkononi, akaenda kwenye piano na kupiga kwa mkono mmoja, akiimba kwa sauti nyembamba isiyotetemeka. Ulikuwa wimbo wa mwisho, binti anampa baba yake chumvi. Mizani zote zilikuta viti. Hakuna iliyobaki, hakuna iliyobanwa, na kule juu kabisa mdomo wa mwanamke yule mzee ulifunguka wote.

"Huu siwezi kuutia sahihi," alisema.

"Si wako?"

"Juu hapa ni wangu. Mistari minne ya mwisho si yangu. Nilikuwa nimeiacha tupu." Alisema bila kumtazama. "Miaka kumi na mmoja. Sikumwambia mtu. Jumatatu mazoezi yaliishia kabla ya hapo, nikashukuru Mungu. Nilitegemea Jumanne asubuhi, njiani, itakuja."

"Fairlough?"

"Crispin hawezi kumfasiria mbwa wake."

Barraclough alizichukua zile kumi na tatu, akazipanga na ungamo la mkurugenzi na orodha ya saba.

"Hizi zinamtosha Bert. Kesho saa tatu na nusu atakuwa mlangoni kwake. Huu wa mwisho ni kazi yangu." Alifungua daftari ukurasa mpya. "Katika mji huu, nani mwingine anajua Kicheki, anajua kuimba, na amekaa na kitabu chako muda wa kutosha kufanya hivi?"

"Hakuna."

"Yupo. Ameacha mistari minne."

Bi Haigh aliipiga ile mistari tena, polepole zaidi, kama mtu anayeonja chakula kilichopikwa jikoni mwake na mkono asioujua. Kisha akafunga mfuniko wa piano, akaweka kiganja juu yake.

"Sasa huyu, Sajenti," alisema, "alitaka kuniibia, au alitaka kunimalizia?"